Feni na Mchango wa Luku

Kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja ya luku, anayepiga kelele ndiye anayekula umeme. Sheria hiyo haimo kwenye mkataba, lakini mpangaji yeyote wa Dar es Salaam anaijua. Pasi ya jirani yangu inavuta wati 1,000 kimyakimya na hakuna anayegeuka. Kompyuta yangu ya mezani, mtumba wa Kariakoo, haifiki hata robo ya hizo, ila ina feni inayovuma. Basi yuniti zikiisha mapema, macho yote mlangoni kwangu.

"Mwanangu, hicho kidude chako leo kimeanza saa ngapi?" huuliza mama mwenye nyumba, hata shikamoo hajaipokea vizuri.

Nilishamweleza kwamba feni yenyewe inatumia wati mbili tatu tu. Akanijibu kuwa kitu kinachotumia kidogo hakilalamiki.

Mdogo wangu anayesoma chuo akajitolea kutafuta suluhu. Aliingia kwenye ile mipangilio inayofunguka kabla kompyuta haijaamka sawasawa, penye mchoro wa mstari: chini joto la prosesa, pembeni kasi ya feni. Akanakili namba kutoka kwenye video ya bwana mmoja wa Ulaya aliyevaa sweta. Lile sweta peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Feni ikaamriwa ikimbie mpaka prosesa ishuke hadi nyuzi 30. Ilikuwa Februari, na chumba changu kilikuwa na nyuzi 32. Sasa feni haina barafu. Inasukuma hewa iliyoikuta, na haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa hiyo. Ikakesha ikifukuzia baridi ambayo haikuwamo nyumbani. Jirani alitoka kuanua nguo akidhani mvua imeanza.

Kesho yake nikaushika mstari mwenyewe. Nikaulaza: mpaka nyuzi 60 feni itembee kwa asilimia 40, ipande taratibu, ikifika 85 ikimbie itakavyo. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo 60 si homa. Kisha nikaiwekea subira ya sekunde chache kabla ya kubadili mwendo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo dawa hasa. Kinachokera si mvumo, ni kupanda na kushuka. Unafungua ukurasa mmoja wa gazeti, joto linaruka ghafla, feni inapaa, inatulia, inapaa tena, kama mtoto aliyebembelezwa akakumbuka kilichomliza.

Kasi ya feni ikipungua nusu, kelele hushuka kiasi cha desibeli 15, na umeme inaotumia kuzunguka hubaki karibu moja ya nane. Hesabu tamu hiyo, lakini nilijua haina mnunuzi uani.

Kimya kikapatikana. Luku, kama ilivyo ada yake, ikaisha siku ileile ya kuisha. Kikao kikaitwa. Jirani alikuja na shati lililonyooka kuanzia kola hadi pindo, akakaa mbele.

"Huyu mchana simsikii kabisa," mama mwenye nyumba aliwaambia wajumbe, akininyooshea mkono. "Maana yake anaiwasha usiku tukishalala."

Hoja ikaungwa mkono. Mchango wangu umepandishwa kwa shilingi elfu mbili, kwa kosa la kutumia umeme kwa siri.