Mwiko Kwenye Sampo

Kwetu Tabata kila mtu ni fundi, na gari likiharibika mafundi huzidi. Corolla yetu, injini ya 5A ya cc 1500, ilipoanza kugonga, mume wangu alisema ni petroli chafu. Shemeji akasema ni tapeti tu, zitiwe oili nzito zitanyamaza. Jirani aliyekuja kuazima ngazi akahukumu kwamba pistoni zimelegea, akaondoka na ngazi.

Aliyekuwa hajasema ni mama mkwe. Bi mkubwa huyu aliolewa na dereva wa malori, na enzi za ujana wake alikuwa akisafiri naye mpaka Tunduma. Aliuliza swali moja: "Linagonga likiwa baridi au likiwa limeshapata moto?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ikabidi tusubiri asubuhi, familia nzima tumezunguka boneti kama tunaosha maiti.

Pistoni iliyolegea hupiga kelele injini ikiwa baridi, ikipata moto hutanuka ikatulia. Gari letu lilifanya kinyume: asubuhi kimya, halafu oili ilipopata moto ikawa nyepesi, ngo-ngo-ngo, na zaidi mguu ulipoachia mafuta. Tapeti nazo hulia juu, mlio mwepesi. Mama mkwe akaagiza mwiko wa ugali. Mpini akauweka sikioni, ncha akaigusisha juu ya kifuniko cha vali, kisha ubavuni, kisha chini kwenye sampo, bakuli la oili, huku akimfokea binti yangu atoe khanga karibu na mikanda.

"Huku chini," akasema. "Haya, chomoeni waya wa plagi mmoja mmoja."

Mume wangu alivaa glavu zangu za kuoshea vyombo (sijazipata mpaka leo) akachomoa. Wa kwanza, wa pili, mlio uleule. Wa tatu alipochomoa, kelele ikafifia. Silinda isiyochoma haisukumi konrodi, mkono wa pistoni, kwa nguvu, basi beringi yake, kama imeliwa, haina cha kugongea. Mama mkwe akarudi kwenye mchele wake.

Fundi aliitwa. Oili ilimwagwa kwenye beseni langu la kufulia, maana lilikuwa karibu, na juani ikametameta chembe za madini. Shemeji akaleta sumaku kuzikamata zile chembe, zisinase. Zilikuwa za rangi ya shaba.

Sampo ikashuka, kofia ya konrodi ya tatu ikafunguliwa. Beringi ya konrodi ni vipande viwili vya nusu duara, mgongo wa chuma, uso wa madini laini. Kipande cha juu kilikuwa kimeliwa uso wote, shaba nje. Fundi akapendekeza apige krenki msasa, aweke kipande cha bati nyuma ya beringi kuukuu, jioni tuendeshe. Hapa nasema wazi: bati hilo ndilo linaloua injini nyingi mjini. Mwanya unaotakiwa pale ni sehemu ndogo sana ya milimita, na oili ndiyo inayoubeba mzigo wote, ukikisia, umeshakosea.

Akatafutwa mwenye maikromita. Krenki ilikuwa bado mviringo, haina mikwaruzo, tukaepuka kuichonga na kununua beringi za 0.25. Mume wangu akaenda Gerezani akarudi na seti ya stendadi, zote nne, kwa sababu wenzake wa ile ya tatu walikuwa wamekunywa oili ileile.

Lakini kwa nini beringi ife? Mama mkwe hakukubali gari lifungwe bila jibu. Fundi akafungua chujio la bomba linalonyonya oili kwenye sampo, akatoa vipande vya utepe laini, vyekundu.

Gasketi ya tyubu. Aliyeziba sampo mara ya mwisho, na kumimina gasketi hiyo kwa ukarimu wa siagi ya harusi, alikuwa ghafla ana simu ya kupokea nje ya geti.

"Shemeji," nikamwita, "rudi, njoo uoshe chujio."

Aliliosha. Beringi zikapakwa oili, ulimi wa kila moja ukaingia kwenye nafasi yake, kila kofia ikarudi kwenye konrodi yake na upande wake, boliti zikakazwa kwa toki renchi badala ya mkono wa fundi. Plagi zikatolewa, injini ikazungushwa kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika. Ilipowashwa, jirani alichungulia ukutani akasema, si niliwaambia ni pistoni.

Shemeji sasa anataka kulijaribu gari mpaka Morogoro. Funguo anazo mama mkwe, naye hampi mtu kabla hajapelekewa kijiti cha oili akakitazama mwenyewe.