Ukienda Kunduchi Kuwahamasisha Wavuvi

Unakaa Kipawa, ndege zinapita juu ya bati lako, na umeagizwa ukafanye mkutano na wavuvi wa Kunduchi. Hongera. Fuata maelekezo haya bila kuruka hata moja.

Kwanza, panga siku kwa mwezi. Wavuvi wa dagaa huingia baharini kipindi cha giza. Mbalamwezi ikitanda hubaki nchi kavu kushona nyavu, na hapo ndipo wana masikio. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, siku chache kabla ya mwezi kuandama, yaani katikati ya giza la dagaa. Vituo vilifunguliwa asubuhi, saa ambayo baharia aliyekesha anatafuta mkeka. Chama kimoja kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya viti. Ukimsikia mtu akisema wavuvi hawajali siasa, mwulize mwezi siku hiyo ulikuwa wa ngapi. Hatajua. Na wewe mkutano wako umeshaupanga gizani.

Pili, salimia. Wazee wape shikamoo, hata yule aliyejikunja chini ya mashua akipiga kalafati. Usikanyage chombo cha watu na viatu. Utakanyaga.

Tatu, usikae kwenye kiti cha plastiki. Kimeletwa kwa ajili yako, ndiyo, lakini ukikikalia umeshakuwa mgeni rasmi, na mgeni rasmi haambiwi kitu. Sogea kule nyuma, kwenye makarai ya mafuta, walipo kina mama wanaokaanga. Baadhi yao ndio waliomkopesha nahodha hela ya petroli ya jana usiku. Wakiguna wao, mkutano umekwisha, hata kama wewe bado una kipaza sauti.

Nne, toa ahadi. Mashine ya boti, barafu, mikopo. Watapiga makofi kwa mpangilio mzuri sana. Wamefanya mazoezi tangu mfumo wa vyama vingi uanze 1992. Gawa fulana pia. Zina pamba safi, zinafuta oili ya mashine vizuri kuliko tambara lolote.

Tano, baruti ya kuvulia samaki. Imepigwa marufuku tangu 1970. Uliza, na kila mtu ataikemea, mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, akiwa wa kwanza. Usiulize nani anaipiga. Hapo ghafla wote watakuwa wageni, wamefika jana kutoka Bagamoyo.

Sita, ukisikia "tutalifanyia kazi", jua hilo ni neno lako mwenyewe, wamekurudishia.

Mwisho, nunua fungu la vibua, uonekane mtu wa watu. Usipatane sana bei. Ukifika Kipawa, mkeo atambonyeza mmoja tumboni, atauona mgongo umevunjika, na atakuuliza mkutano ulikuwa unahusu nini hasa.