Tuwapishe Wanaume wa Barafu

Wajerumani wasichekwe. Tangu 1956 wana mkutano wa waendesha pikipiki, Elefantentreffen, yaani "mkutano wa tembo", na wameupangia wakati unaostahili: kilele cha baridi, siku hizi kwenye msitu wa Bavaria, theluji ikibariki kila hema. Kiangazi, barabara zikiwa kavu, waachiwe waoga. Jemadari Hannibal naye alivusha tembo milima ya Alps mwaka 218 KK, ila tembo wale hawakuulizwa. Hawa wanajipeleka wenyewe, kwa mafuta yao.

Wa kuhurumiwa ni mwenye gari. Kafungiwa na hita kama kifaranga chini ya taa, hajui hata nje kuna nini. Mwenye pikipiki hapunjwi: kipimajoto kikisoma sifuri, akienda kilomita 100 kwa saa, upepo humwongezea nyuzi kama kumi za baridi, bure kabisa.

Serikali ya Ujerumani nayo ina hekima. Gari la magurudumu manne, kukiwa na barafu, lazima livae matairi ya baridi. Pikipiki, yenye mawili, imesamehewa. (Nadhani waliona kutoanguka ni suala la imani.)

Usiku mkutanoni ni kulala juu ya majani makavu, maana kitanda hakina cha kusimulia. Asubuhi vidole vikigoma kushika klachi, huo ni utovu wa nidhamu wa vidole. Na chumvi inayomwagwa barabarani ikitafuna mnyororo na bomba la moshi, shukuruni: mafundi nao wana watoto wa kusomesha.