Ufagio wa Mama na Nyasi za Pemba

Nyumbani kwetu Kigamboni, ugomvi uliodumu kuliko wote ulikuwa wa uwanja. Mama, yaani mama mkwe wangu, alisimama upande wa ufagio wa chelewa. Mimi nikasimama upande wa majani. Baba Nuru alikataa kuhukumu kati ya mkewe na mamake.

Mama alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ni ya Pwani nzima. Uwanja mtupu humwonyesha nyoka mapema, tena humwambia mgeni kwamba humu mna watu wanaojiheshimu. Amefagia hivyo tangu usichana wake Kilwa, kila siku akishamaliza sala ya alfajiri. Lakini ardhi yetu ni mchanga, na ufagio haukuacha kuondoka nao kidogo kidogo. Masika yakija, matone mazito yaliipiga ardhi ile tupu yakarusha mchanga ukutani hadi usawa wa goti. Maji ya paa yalichimba mfereji hadi langoni, na ngazi ya mlangoni ikaanza kuning'inia, chini yake pako wazi. Kiangazi nacho kilileta vumbi ndani na mbigiri nje, watoto wasiweze kucheza pekupeku.

Shemeji ndiye aliyeleta dawa ya kwanza. Alishuka kutoka Arusha na gari limejaa mabapa ya nyasi za Kikuyu, mbichi, nene, za kupendeza. "Shemeji, hizi ni za asili ya huku huku Afrika Mashariki, zitakufaa," aliniambia. Kuhusu asili alisema kweli, ila asili yake ni nyanda za juu, kwenye ubaridi. Kigamboni iko usawa wa bahari. Januari joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku haupoi. Juu ya hayo, maji ya kisima chetu yana chumvi.

Fundi wa bustani alishauri tumwagilie milimita 25 kwa wiki. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wetu una mita za mraba zipatazo 100, kwa hiyo ni lita 2,500 kila wiki, sawa na ndoo 125 za lita 20. Tangi letu zima ni la lita 2,000. Bomba likikauka tuliita boza, na Mama, akitazama maji yanavyozama mchangani, akauliza: "Mwanangu, wajukuu wangu wanaogea kopo, majani yanaoga ndoo?" Sikuwa na la kumjibu. Kabla ya masika mabapa yaligeuka rangi ya makuti, ndago zikachomoza katikati yake, na Mama akayakusanya kwa reki akayatia moto.

Nyasi tulizokuwa tukizihitaji zilikuwa mtaa wa pili, chini ya mwembe wa jirani, karibu na ufuko. Ni nyasi za Pemba, ambazo wataalamu huziita Stenotaphrum dimidiatum. Kwao ni hapa hapa, pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi. Jani lake ni pana na fupi, ncha yake butu. Zinavumilia upepo wa chumvi, zinavumilia kivuli cha minazi, na hutambaa kwa mashina bapa yanayotoa mizizi penye kila fundo. Jirani alinijazia viroba viwili, hakutaka hata senti.

Mvua za kwanza za masika ziliponyesha, nilikata vipande vya pingili tatu tatu, nikavilaza mshazari kwenye vijifereji, mafundo ndani ya mchanga na ncha nje, shubiri moja kati ya kipande na kipande, kisha nikavishindilia kwa mguu. Kipande kilichopandwa upya hunyauka siku za mwanzo, hakina sura ya kitu kinachoishi. Mama alipotoka alfajiri aliona uwanja umejaa takataka. Nilipoamka mistari yote ilikuwa imekwenda, na uwanja uko safi kabisa.

Hatukugombana, tulinyamaziana, jambo ambalo katika nyumba yetu ni zito zaidi. Mvua ikaendelea. Kisha jioni moja Mama aliniita nyuma ya jiko, kwenye lundo alikozitupa zile nyasi, mahali tunapomwaga maji ya vyombo. Aliinua shina moja akaliweka kiganjani. Kwenye kila fundo kulikuwa na mizizi myeupe, myembamba, yenye chembe za mchanga zilizogandia, na juu yake vijani viwili vya kijani kibichi. "Hizi hazifi," alisema. "Basi tugawane uwanja."

Tuligawana. Mbele ya mlango na njia ya langoni ni vya ufagio mpaka leo, na alikuwa sahihi, maana nyasi za Pemba hazipendi kukanyagwa mfululizo. Kwingine kote tulipanda pamoja, tukang'oa ndago kwa mkono mpaka majani yalipofunga ardhi. Tunazikata vidole vinne kutoka ardhini, ili hofu ya nyoka isirudi. Kiangazi hupauka na kukunja majani. Vuli ikinyesha hurudi kijani. Maji wanayopata watoto hayagawanywi tena na bustani, isipokuwa yale ya kusuuzia nguo. Ukuta hauchafuki, na mchanga umeacha kukimbilia barabarani.

Kwa hiyo usiulize tu kama jani ni la asili ya nchi. Uliza kama ni la asili ya mchanga wako na joto lako. Mkazi wa Arusha aendelee na nyasi zake za Kikuyu. Wewe wa Bagamoyo, Kilwa au Kigamboni, kabla ya kumlipa muuza mabapa, tembea mitaa ya karibu na bahari mwezi Machi ukamwombe mwenye nyasi za Pemba kiroba kimoja. Atakupa, kwa kuwa alipokata patafunga tena.