Sifa za Folda Isiyopenda Haraka

Watu wa kale hawakuona haya kusifu visivyosifika. Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa, na mwaka 1511 Erasmus wa Rotterdam akachapisha kitabu kizima ambamo Upumbavu wenyewe unapanda jukwaani kujisifu. Sioni kwa nini nzi apate msemaji halafu folda ya ofisini kwetu ikose. Ofisi yenyewe siitaji; iko Nangwa, wilayani Hanang, ina paa la bati, kuta za tofali za kuchoma, ruta moja, na kompyuta moja kubwa chini ya meza ya Mhasibu tunayoiita seva kwa heshima ya umri wake. Ndani ya seva hiyo mna folda ya pamoja, na ndani ya folda mna kila kitu: barua, malipo, orodha za wajumbe, picha za mikutano. Waya hakuna. Laptopu zetu zinaifikia kwa waifai. Au tuseme zinaielekea, maana kufika ni jambo jingine.

Anayetaka kuujua utukufu wake na aibofye mara mbili. Dirisha linafunguka jeupe. Juu yake unajitokeza mstari wa kijani, unakwenda, unakwenda, ukikaribia mwisho unasimama. Kompyuta inaandika kwamba programu haijibu. Mhasibu, mzoefu wa haya, haguni wala hafoki. Anavua miwani, anavipulizia vioo pumzi, anavifuta kwa pindo la kitenge, anaivaa tena, anatazama. Mstari uko palepale. Hapo ndipo anapomgeukia Karani: "Ehe, ulisema mtoto walimpeleka Haydom?" Na Karani anasimulia, bila kukatizwa, mpaka mwisho.

Nani mwingine katika jengo hili ametupa nafasi hiyo? Kiongozi gani, semina gani ya mahusiano kazini? Kwa ajili ya folda hii tunajua nani kafiwa, nani kavuna alizeti, nani anadaiwa na kikundi cha akina mama. Methali ya haraka na baraka iacheni. Imeshatumiwa na kila anayechelewa kazini. Mimi nasema jambo la wazi tu: ofisi ambayo mafaili yanafunguka papo hapo ni ofisi ya watu wasiojuana.

Lakini hiyo ni sifa yake ndogo. Kubwa ni kwamba folda hii ni mkweli kuliko sisi. Kwa muda mrefu ofisi ilikuwa na mshtakiwa mmoja, Mlima Hanang. Faili likikwama, mtu ananyoosha kidole dirishani: mlima umeziba mawimbi. Una zaidi ya mita 3,400, na ukivaa wingu asubuhi unafanana kweli na kitu kinachoweza kuzuia hati ya malipo. Kwa wana Hanang waliozika ndugu zao baada ya maporomoko ya matope ya Desemba 2023, mlima huo una uzito wake, si wa kutajwa ovyo kwa sababu ya folda ya picha. Mlima ulipopumzishwa, lawama zikahamia kwenye mkongo, kisha kwenye mnara, kisha kwenye bando. Mtandao unasumbua, tukasema, na sentensi hiyo ikatosha kufunga mjadala wowote.

Folda yetu haikukubali uongo huo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Jumatatu simu za watu zilikuwa bubu, barua pepe haziendi, kila mtu ana hasira. Tulipoibofya folda ikafunguka kwa mwendo wake uleule wa siku zote: haikuongeza wala kupunguza. Ingekuwa na kinywa ingetueleza kwamba haijawahi kufika baharini. Hati ya malipo inatoka chini ya meza ya Mhasibu, inakwenda kwenye ruta chumba cha pili, inarudi kwenye laptopu yako. Safari nzima haitoki nje ya bati letu. Unaweza kung'oa intaneti yote ya Afrika Mashariki, hati hiyo isijue kilichotokea.

Nasaba yake nayo si ya kubeza. Mwezi Juni 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio wa kuunganisha kompyuta visiwani. Kanuni yake ilikuwa ya kijasiri: kila mmoja aseme anapotaka, sauti mbili zikigongana zote zipotee, kila msemaji asubiri muda wa kubahatisha, kisha ajaribu tena. Hesabu zilionyesha kwamba kwa mtindo huo hata hali ikiwa nzuri kabisa, ni kama asilimia 18 tu ya uwezo wa hewa ndiyo inayotumika. Waifai, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, imejifunza adabu zaidi: husikiliza kwanza, ikisikia mwingine anaongea hunyamaza, kisha huhesabu kidogo kabla ya kufungua kinywa. Bado hewa ni moja. Kwenye chaneli moja anayesikika kwa wakati mmoja ni mmoja tu, hata sanduku la ruta liandikwe namba kubwa namna gani.

Humo mna usawa ambao vyama vingi vya siasa vimeuahidi bila kuuleta. Waifai hugawa zamu, haigawi dakika. Mtunza stoo ana laptopu kuukuu, anakaa mwisho wa korido nyuma ya kuta mbili za tofali. Mawimbi yakimfikia yamekwisha kuchoka, kwa hiyo mashine yake hushuka mpaka mwendo wa chini kabisa ili angalau isikike. Zamu yake ikifika, pakiti ileile ambayo kwako ingepita kufumba na kufumbua kwake inachukua muda mara nyingi zaidi, na sisi wote tunamngoja. Mwenye laptopu mpya anashushwa mpaka alipo mwenye laptopu ya zamani. Bosi mwenyewe amengoja. Nimemwona kwa macho yangu.

Nije kwenye adabu yake ninayoipenda kuliko zote. Kompyuta inayofungua faili kwenye kompyuta nyingine haichoti tu ikaondoka. Inafuata itifaki iitwayo SMB, iliyoanzia IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi ya Barry Feigenbaum, na itifaki hiyo husalimia kama mzee wa Kimbulu aliyefika bomani kwako kudai deni: hataji deni mpaka ameuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na kila swali amelipokelea jibu kabla ya kuuliza linalofuata. Upo? Nipo. Mimi fulani, unanitambua? Nakutambua. Faili hili lipo? Lipo. Lina ukubwa gani? Lilibadilishwa lini? Nina ruhusa ya kulisoma? Ndipo linaposomwa. Toleo la kwanza lilikuwa na amri zaidi ya mia moja. Toleo la pili, lililokuja na Windows Vista, likazipunguza hadi 19 na kuruhusu maswali kadhaa yatumwe kwa mkupuo. Seva yetu, kwa kuwa ni ya umri ule ninaouheshimu, bado inaongea lile la kwanza. Ni toleo hilohilo ambalo virusi vya WannaCry vya Mei 2017 viliingilia kwenye ufa wake, na mafundi wa dunia nzima wanahimiza lizimwe. Wasiopenda salamu hawajaanza leo.

Ukitaka kujua gharama ya salamu hizo, chukua kalamu. Tuseme kila faili linahitaji maswali kumi, na kila swali na jibu lake huchukua milisekunde 50 hewani. Hiyo ni nusu sekunde kwa faili moja, hakuna wa kulalamika. Folda yenye picha 300 za mkutano mkuu inakula sekunde 150, dakika mbili na nusu za kujuliana hali tu, kabla hata picha zenyewe hazijaanza kusafiri. Ndiyo maana faili moja kubwa linaweza kupita vizuri wakati mafaili madogo mia tatu yanatambaa. Watu hudhani kinachowachelewesha ni uzito. Kinachowachelewesha ni heshima.

Kila utukufu una adui wake, na adui wa folda yetu alifika na pikipiki kutoka Katesh, kijana, mkoba mgongoni. Akampa mlinzi shikamoo, akakataa chai, ishara mbaya. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la kikatili: hakugusa intaneti kabisa. Watu watatu walimsimulia habari za bando, akawasikiliza kwa upole, halafu akatoa kwenye mkoba waya wa mtandao, ule wa buluu, akaiunganisha laptopu yake moja kwa moja na seva. Folda ikafunguka. Picha zote. Mhasibu alikuwa ndiyo kwanza anashika fremu ya miwani.

"Kwa hiyo seva haina kosa, mama," akasema. "Diski yake nzima. Tatizo liko njiani."

Akaanza kuichambua njia. Aliipigia ruta hodi kutoka kwenye laptopu ya Karani, majibu yakarudi kwa kuyumba: milisekunde tatu, arobaini, mia mbili, tisa. Kwa waya yalikuwa chini ya moja. Akauliza ruta iko wapi. Iko ofisini kwa Bosi, tukamwambia, nyuma ya kabati la chuma, imebanwa kati ya kabati na ukuta, maana kitu cha thamani hukaa kwa mkubwa. Kijana akalitazama kabati lile kwa muda. Chuma hurudisha mawimbi yalikotoka, akasema, na nyuma ya chuma hiki ndiko ofisi nzima iliko. Akaangalia chaneli. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 zipo tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Yetu ilikuwa ya 6, ya duka la jirani ilikuwa ya 6, na ya nyumba ya nyuma pia ni ya 6, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuigusa tangu itoke kwenye boksi. Kwenye laptopu ya Katibu Muhtasi akakuta alama ya diski inayoelekea kompyuta iliyokufa siku nyingi. Kila asubuhi mashine ilikuwa ikimngoja marehemu ajibu kabla ya kuendelea na kazi. Folda ya picha ilikuwa imewekwa ionyeshe vijipicha, hivyo kuitazama tu kulimaanisha kuisoma yote. Akaibadili ikawa orodha ya majina. Ikaacha kusuasua, nami nikahuzunika.

Jambo alilolisema mwisho ndilo lililomfanya Bosi aache simu. Seva nayo ilikuwa kwenye waifai, kwa kidude cha yuesibii kilichochomekwa nyuma, karibu na sakafu. Ruta haina njia nyingine ya kuifikia. Maana yake, kila hati inaruka kutoka seva hadi ruta, kisha inaruka upya kutoka ruta hadi laptopu, hewani humohumo, kwenye chaneli hiyohiyo, na wakati wa ruko la kwanza hakuna mwingine anayeweza kuongea, wala wakati wa la pili. Nusu ya hewa yetu, akasema, tunaitumia kubeba mzigo uleule mara ya pili. Dawa yake ni waya mmoja kutoka ruta hadi seva na tundu moja ukutani. Waya wa kawaida kabisa, wa megabiti 100 kwa sekunde, hupitisha faili la megabaiti tano chini ya sekunde moja. Kwa mwendo wa chini wa waifai, ule wa megabiti moja, faili hilo linataka sekunde 40, na hapo ni kama hakuna mwingine anayeongea.

Tukaitana kikao. Tundu lingepita kwenye ukuta wa ofisi ya Bosi, ukuta uliopakwa rangi karibuni. Mjumbe mmoja akauliza kama waya hautavutia radi, maana Hanang kwa radi mnaijua. Mwingine akauliza kwa nini tununue waya wakati tayari tumelipia kisicho na waya. Mtunza stoo, ambaye siku hizi ndiye anayeongoza mwendo wa ofisi nzima, hakuwa na maoni. Mhasibu alisema kitu kimoja tu, kwamba Karani bado hajamaliza habari za shemeji yake.

Baada ya majadiliano marefu kikao kiliazimia kuongeza bando. Suala la waya litaangaliwa kwenye bajeti ijayo. Proforma ya kijana wa Katesh, waya mita 20, vichwa viwili na ufundi, imewekwa kwenye folda ya pamoja ili kila mjumbe aipitie. Mhasibu ameanza kuifungua.