Nambari Inayofuata Anaijua Mwenye Shule

Zamani mtoto akihamia shule mpya, ulikwenda naye asubuhi ameoga, amepakwa mafuta mpaka magotini, wewe umeshika cheti cha kuzaliwa na ripoti ya muhula uliopita. Mwalimu mkuu alimtazama, akauliza jina la baba ingawa baba amesimama pale pale, mambo yakaisha. Siku hizi hapa Kitale ukitaka mtoto aingie Gredi ya Nne katika akademi yenye basi la manjano na ua uliokatwa vizuri, sharti afanye intavyuu. Mtoto wa miaka tisa! Mimi mwenyewe ni mzee wa duka la agrovet na hakuna aliyewahi kunifanyia intavyuu.

Halafu ina ada. Ada hairudishwi. Wameliandika hilo kwa herufi kubwa na kulipigia mstari, kana kwamba ndiyo kaulimbiu ya shule.

Nikajifanya mjuaji. Nikamwambia karani kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza kumpa mtoto mtihani wa kuingia shule ya umma, isipokuwa ule wa kujua anafaa darasa gani. Akanisikiliza kwa upole wote, kama mtu anayesubiri mvua ipite. "Mzazi, hiyo ni ya shule za umma," akasema. "Na huu wetu si mtihani. Ni kumpanga tu." Kumpanga wapi? Anayekosa anapangwa sebuleni kwao.

Sasa, kujumlisha na kugawanya sina ugomvi nako. Ugomvi wangu uko kwenye ule ukurasa wa karatasi za rivisheni ulioandikwa "Jaza nambari inayofuata." Sisi wa KCPE, ule mtihani ulioanza 1985 ukafanywa mara ya mwisho 2023, maswali hayo tuliyakuta pia, lakini tulikuwa na A, B, C na D. Ukizidiwa, unamwomba Mungu kisha unapaka C. Hawa watoto wamewekewa mstari mtupu. Hata Mungu hajui aelekeze kidole wapi.

Basi jioni, kaunta ikipungua watu, nikawa namfundisha binti yangu juu ya gunia la chakula cha kuku. Kwanza toa nambari ya nyuma kwenye ya mbele, uandike tofauti chini yake. 5, 8, 11, 14: kila mara ni 3, kwa hiyo inayofuata ni 17. Tofauti zisipolingana, zitafutie nazo tofauti zao. 1, 4, 9, 16 zinapishana kwa 3, 5, 7. Ongeza 9 upate 25. Ikikataa, jaribu kuzidisha. Ikikataa bado, chunguza kama si mifuatano miwili iliyochanganywa. 3, 10, 5, 9, 7, 8 ni kama akina mama wawili sokoni Chwele, kila mmoja anasimulia yake kwa zamu bila kumsikiliza mwenzake: mmoja anapanda 3, 5, 7, mwingine anashuka 10, 9, 8. Inayofuata ni 9. Mtoto alishika upesi. Mteja aliyekuja kutafuta dawa ya Osama, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, alishika upesi zaidi, akasahau dawa.

Ndipo tukafika hapa: 2, 4, 8, halafu mstari mtupu.

Binti akajaza 16. Nani asingejaza 16? Tukafungua majibu ukurasa wa nyuma: 14. Yaani umeongeza 2, ukaongeza 4, sasa unaongeza 6. Sawa, nimekubali, 14 ina haki yake. Lakini 16 imemkosea nani?

Yule mteja akacheka. "Muulize binti hii: 625, 626, 627, 628, 629. Inayofuata?"

"630," akasema mtoto.

"Wewe kweli mtoto wa agrovet?"

Kila mkulima wa Trans Nzoia anajua kwamba baada ya H629 inakuja H6210. Hizo ni mbegu za mahindi za Kenya Seed, kampuni iliyozaliwa papa hapa Kitale 1956, na majina yake yana mpango wake. Ile 6 ya mbele ni ya nyanda za juu, kama vile 5 ilivyo ya sehemu za mwinuko wa wastani. Tena ni 62, halafu ya tisa. Kisha 62, halafu ya kumi. Hakuna aliyekosea. Mwenye kuhesabu ndiye aliyeamua anahesabu nini, na mtoto angeandika 6210 kwenye ile karatasi angeonekana hajui hata kusoma.

Wikendi tukateremka Bungoma kumwona Kuka, yaani babu. Matatu ilipita Kiminini, ikapita Kamukuywa, na mpaka tunashuka Webuye kubadilisha gari mtoto alikuwa bado ananung'unikia 14. Nauli aliyoitaja makanga wa gari la pili haikufuata kanuni yoyote duniani, wala abiria hatukupewa mstari wa kujaza yetu.

Kuka alishika karatasi akaiweka mbali na macho, kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyoyasikia tangu kazi hii ianze: "Aliyeuliza anataka ngapi?"

"Hasemi, Kuka."

"Basi hilo si swali, ni kitendawili. Na kitendawili mtu akishindwa anatoa mji, halafu anaambiwa jibu." Yeye mifuatano anaijua ile ambayo watu wameelewana juu yake kabla ya kuulizana. 2022, 2024, kisha 2026: hapa Bungoma huhitaji kumwambia mtu, vijana wa Kibukusu wanatahiriwa Agosti ya mwaka wa shufwa, na mwaka wa witiri njuga hazilii. Marika nayo ni manane. Likishapita la nane linarudi la kwanza, kwa hiyo baada ya 8 inakuja 1. Mtoto akanitazama mimi. Nikatazama migomba.

Kukhu, yaani nyanya, akaleta ugali, ule wa Bungoma ambao ukiuangusha unaumia mguu. Nikaomba kisu. Nikaukata mara moja katikati, ukawa vipande 2. Nikaukata kwa kupitana, vikawa 4. Nikalaza kisu nikaupasua tumbo kwa upana, vikawa 8, vyote vimekaa mahali pake. Mkato wa nne nikaupitisha mshazari, kando kidogo ya katikati, usifuate njia ya mwingine wowote wala usipite pale mitatu ya kwanza ilipokutana. Tukavitenganisha, binti akahesabu. Ni 15. Kipande kimoja tu ndicho kilichoponyoka kisu, na haidhuru ukate kwa ufundi gani, mikato minne iliyonyooka haikupi 16.

Kwa hiyo baada ya 2, 4, 8 inakuja 14, na 15, na 16, kila moja na ushahidi wake, mmoja wao uko mezani na mboga. Kukhu aliuliza kama huko Kitale siku hizi chakula kinapimwa kwanza ndipo kiliwe.

Yuko bwana mmoja, Neil Sloane, ambaye tangu 1964 anakusanya mifuatano ya nambari. Mkusanyo wake sasa uko kwenye intaneti na una mifuatano zaidi ya 370,000. Ukiupa 2, 4, 8 haukutajii jibu moja, unakumwagia rundo. Lakini akademi ya Kitale yenye madarasa kumi na basi moja, yenyewe ina hakika.

Siku ya intavyuu nilimweleza mwalimu habari ya ugali. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akafungua kitabu, akaweka kidole. "Mzazi, kitabu kinasema 14."

Binti alijaza 14, akapita, amepangwa. Tangu hapo amekuwa mkali. Juzi alinijia kaunta na karatasi yake mwenyewe: 7, 3, 40, 12, na mstari mtupu. Nikatafuta tofauti. Nikatafuta tofauti za tofauti. Nikatafuta akina mama wawili wa Chwele, sikuwaona.

"Nimeshindwa, mama. Ni ngapi?"

"Ni 9."

"Kanuni yake?"

"Mimi ndiye mwenye karatasi," akasema, akanyoosha kiganja apewe shilingi kumi za kukosa.