Mzee, Tushikie Viatu

Jirani, kaa kidogo nikumwagie malalamiko, maana nyumbani wameshayachoka. Presha imepanda. Daktari wa zahanati, kijana mdogo tu, kanitazama kitambi, kanitazama usoni, akasema, "Mzee, kwanza ukatembee." Basi. Hakuna kidonge, hakuna sindano. Nikatoka nimechangamka, nikajua nimepona bila kufungua pochi.

Sasa nitembee wapi Magomeni? Ukifungua mlango tu kuna bodaboda kapaki kibarazani. "Mzee, twende?" Naenda wapi na mie natembea? Ukimkatalia ananuna. Ukimpita unamkuta mama ntilie kapanga mabenchi njia nzima. Kupita katikati yake tu ushahesabiwa mteja. Anaanza kutaja: wali maharage, ugali dagaa, wali samaki. Mimi mtu akinitajia samaki huwa sina ubavu wa kukataa. Mazoezi yakaishia hapo.

Nikajaribu mtaa wa pili. Umefungwa, turubai, msiba. Huwezi kupita msibani umenyanyua magoti unahema. Nikakaa, nikatoa pole, likaletwa daftari la rambirambi, nikaandikwa. Marehemu simjui mpaka leo.

Na usidhani hatukuwa na kiwanja. Pale zilipo zile fremu, ya simu, ya saluni, ya wakala wa miamala, palikuwa uwanja wa watoto. Nani kauuza? Usiniulize. Nilikuwepo, nacheza bao, nikasikia tofali zinashushwa. Nikasema safi sana, wanajenga magoli.

Umebaki mwembe mmoja tu, nao una wenyewe. Nimekaa kwenye kigogo, jamaa wakaacha kete zao wakanitazama.

"Hapo pa Shomari hapo."

"Shomari yuko wapi?"

"Tanga."

"Anarudi lini?"

"Haijajulikana."

Nikasimama, jirani. Mtu yuko Tanga, kivuli chake kiko Magomeni kinalindwa. Mimi niko Magomeni, najipepea na gazeti juani.

Mama Zuhura akaniambia, "Baba Zuhura, si uende garden ukapunge upepo, na hao wajukuu uwachukue." Nikawapeleka. Garden ninazozijua mimi zina viti vya plastiki, mishkaki na bendi jukwaani. Wajukuu walipunga upepo vizuri tu. Wakarudi nyumbani wanaimba habari za mwanamke aliyekimbia na dereva wa lori. Tangu hapo natumwa peke yangu.

Nikateremka Jangwani. Wakati huo mambo ya ujenzi, nitakuja kukueleza, yalikuwa hayajapamba moto, bonde lote lile la Msimbazi liko wazi, vumbi, vijana wanapiga mpira. Nikasema hapa ndipo. Nikaanza kuzunguka uwanja, mikono nyuma, kama mkaguzi. Hata raundi sijamaliza, kijana mmoja kanijia kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Tushikie viatu." Nikadhani ni viatu vyake. Ilikuwa timu nzima. Wapinzani nao kuona kuna mzee muaminifu wakaleta vyao. Jirani, nilikaa kwenye lile rundo la raba na kandambili mpaka magharibi. Miguu haikusogea hata hatua. Na mwisho kandambili moja ikapotea, ya bluu, mguu wa kushoto. Nani kalipa? Haya.

Nikaona nivuke daraja la Jangwani, nipite Fire, niende zangu Mnazi Mmoja. Pale angalau pana historia. Wakoloni ndio walioliacha lile eneo wazi, Uhindini kule, Waafrika wa Kariakoo huku, katikati nyasi, ili tusisogeleane. Baadaye TANU wakafanyia mikutano palepale. Nikajisemea, mahali alipohutubia Nyerere hapawezi kumshinda mtu kutembea.

Palinishinda. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili alfajiri jiji zima ni la jogging klabu. Fulana sare, filimbi, spika juu ya Kirikuu, wanakuja barabara nzima. Mimi nimesimama nautazama ule mnara wa Mwenge, nikajikuta katikati. Kurudi nyuma huwezi, wanakukanyaga. Ikabidi nikimbie. Kando yangu bibi wa makamo ya shangazi yangu, kajifunga kanga kiunoni, ananiambia, "Kaza babu!" Babu! Halafu akanipita. Akapunguza mwendo makusudi ili anipite tena. Walipofika mwisho wakaanza kuchangishana hela ya maji na mweka hazina akanisimamia kichwani. Nikamwambia mimi si mwanachama. Akasema wageni wanalipa zaidi.

Kuna watu wakaniambia nijaribu Kidongo Chekundu, tangu 2015 kuna ile JMK Park, nyasi bandia, magoli ya kikapu, mambo safi. Nilichungulia. Watoto wa pale wanakimbia mpaka unapata presha nyingine. Nikashukuru, nikaondoka.

Nikamalizia kwenye Bustani ya Mimea, kule mjini karibu na Karimjee. Kile ni kipande cha haki. Wajerumani walikianzisha mwaka 1893, bwana mmoja Stuhlmann, walikuwa wanajaribia mimea ya biashara. Mimi nilikuwa nadhani ni uwanja wa nyumba ya tajiri fulani. Nimepita nje ya uzio miaka mingi, nainamisha kichwa kwa heshima. Kumbe mtu unaingia tu! Kivuli, miti mirefu, tausi wanatembea. Nikapata benchi tupu. Benchi, jirani, halina Shomari.

Sijanyoosha mguu, bwana harusi huyu hapa. Na bibi harusi, na shela, na wapambe, na mpiga picha mwenye kamera kubwa kuliko kichwa changu. "Mzee samahani, umeingia kwenye fremu." Nikahamia benchi la pili. Harusi ya pili ikaingia. Nikajificha nyuma ya mti. "Mzee wa kwenye mti, kitambi kinaonekana." Watu wakacheka, bibi harusi naye akacheka, mpiga picha akasema hapohapo, hiyo picha nzuri. Tausi akaja akasimama pale nilipotolewa mimi, akatandaza mkia. Yeye hakuna aliyemwambia kaingia kwenye fremu. Mimi nikapewa mwamvuli nimshikie bibi harusi asipigwe na jua.

Sasa nasikia Jangwani panatengenezwa. Nyumba za bondeni zimeshabomolewa, watu wamelipwa wakahama, maana tangu yale mafuriko ya Desemba 2011 kila mvua ikinyesha ni kilio. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022. Daraja litanyanyuliwa, na bonde litapata bustani kubwa ya jiji. Kijiweni wanabishana hela, wanabishana fidia, wanabishana kama maji yatakubali kuhamia kwingine. Mimi nimeuliza swali moja tu: mabenchi yatakuwa mangapi? Wakanicheka. Wale vijana wa mpira wao wameshapanga mambo yao. Juzi nahodha kanisimamisha pale Mapipa, kanishika mkono kwa heshima. "Mzee, bustani ikifunguliwa tu, wewe usiwe na wasiwasi. Tumeshakutengea kona ya viatu, ina kivuli."

Nimemuuliza na ile kandambili ya bluu imeonekana? Akasema mwenyewe bado anaidai.